Kesi ya Mama wa Ndazi: ginsi ya kufanya etidi-de-ka katika Komersiale



Sisi wa kalasi ya mwisho ya Komersiale (wakubwa wetu walizoea kuiita ya sita, leo ni ya ine ya umanite) tuliombwa kueleza katika karatasi hizi ginsi kazi ya etidi-de-ka inavyofanyika. Wadogo wetu wa kalasi ya tatu wataianza trimestri hii, na tayari wanaogopa. Wamesikia kwamba trimestri iliyopita sisi wote 31 tulirudishiwa kopi zetu bila pointi hata moja. Ni kweli, hatutaficha. Bwana Mwalimu wa kontabilite aliziweka juu ya meza, zote pamoja, na juu ya kila moja aliandika swali moja tu na kalamu nyekundu: "Nani iko na deni?" Hakuandika kingine. Tutafika kwa swali lile, lakini kwanza tueleze kazi yenyewe.

Etidi-de-ka, ao kesi kama tunavyosema kati yetu, si zoezi la kuhesabu tu. Katika zoezi la kawaida unajua mbele unachotafuta: tafuta faida, tafuta bei ya kununua, andika mu jurnali. Katika kesi unapewa habari ya mutu ao ya kampuni, kurasa mbili tatu, pamoja na karatasi za nyuma zenye namba, na mambo mengi yaliyomo hayana kazi. Hakuna anayekuambia ugonjwa iko wapi. Ni wewe njo unapashwa kuutafuta, kisha useme dawa, kisha useme dawa ile itagarimu feza ngapi na nani atailipa.

Njia hii haikuanza kwetu. Kule Marekani, katika chuo kikuu cha Harvard, walianza kufundisha sheria kwa kutumia kesi za tribinali kutoka 1870, wakati Langdell alipofanywa kuwa mukubwa wa shule ile ya sheria. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa 1908, na kesi yake ya kwanza ya kuandikwa ilitoka 1921. Ilikuwa ya ukurasa mumoja tu, juu ya kiwanda cha viatu ambamo wafanyakazi walikuwa wanaacha kazi mbele ya saa ya mwisho. Musomaji, angalia vizuri. Mwanafunzi hakuombwa aeleze maana ya kiwanda wala maana ya kazi. Aliombwa aseme mukubwa wa kiwanda afanye nini. Wengi wetu tunaandika kurasa ine za kueleza maana, na mahali pa kusema "afanye nini" tunaweka mistari miwili, tena ya kutetemeka.

Pasta wetu naye alitukumbusha, katika ibada ya asubui, kesi iliyotangulia Harvard kwa miaka mingi sana. Iko katika 2 Wafalme sura ya 4. Mujane mumoja anadaiwa, na mwenye deni anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha hakuanza na shauri. Alianza kwa kumuuliza mama anataka nini, na ndani ya nyumba yake kuna nini. Kulikuwa mafuta kidogo. Kwa ile mafuta njo kazi yote ilianza: vyombo vya majirani, kuuzisha, kulipa deni, na kuishi kwa yale yaliyobaki. Hata mupangilio uko sawa: deni mbele, chakula nyuma. Sisi mu kopi zetu tulianza na shauri, na hatukuuliza kilichokuwa ndani ya nyumba.

Basi habari yetu ni hii. Wote munamujua mama anayeuzisha ndazi karibu na mulango wa masomo. Hatutaandika jina lake. Bwana Mwalimu alienda kumwona, akamuomba ruhusa ya kutumia biashara yake kuwa kesi ya kalasi. Neno lile lilileta matata. Mama alisimama, akaacha ndazi zikaungua mu mafuta, akauliza: "Kesi? Nani njo alinishitaki? Mimi sikuibia mutu!" Ilifaa Bwana Mwalimu akae chini ku kiti kidogo, amueleze kwamba hakuna polisi, ni masomo ya watoto. Mama akakubali, akatoa kaye yake mbili. Moja ni ya vile ananunua, ingine ni ya madeni. Mwalimu aliandika kurasa tatu, na ku kaye ya madeni akatosha majina yote, akaweka herufi: A, B, C, mupaka mwisho. Ile karatasi ya herufi ilikuwa nyuma kabisa, anekse ya tatu. Hakuna mutu aliyeisoma.

Hii ni kosa la kwanza, na ni kubwa kuliko yote: kusoma ukurasa wa kwanza na kurukia kuandika. Tulisoma kwamba mama anatumika siku sita kwa juma, tangu saa kumi ya usiku, na kwamba mwisho wa mwezi hana kitu mukononi. Mara moja kila mumoja akawa waziri. Mumoja aliandika achukue mukopo ku banki. Mwingine, afungue mahali pa pili ku soko. Mwingine, anunue mashini ya kukanda unga, na hakusema mashini itatumia umeme gani katika kartie ambamo umeme unakuja usiku wa manane, ukipenda. Mwingine akaandika kwamba mama anapashwa kulipisha TVA ya 16%. TVA ilianza kwetu kweli mu mwaka 2012, na ni 16%, lakini biashara ndogo ya namna hii haimo katika wale wanaopashwa kuilipisha. Na sisi tunaoandika hapa tuliandika nini? Tuliandika kwamba "anakosa mupango wa marketingi". Tulijisikia wenye akili sana siku ile.

Sasa ginsi ya kusoma. Soma mara ya kwanza bila biki mukononi, kama vile unasoma barua ya ndugu. Jiulize tu: ni nani anayepashwa kuamua? Katika kesi yetu ni mama, si serikali, si banki, si jumuiya ya kanisa. Ukiisha kumujua mwenye kuamua, mashauri mengi yanaanguka yenyewe, maana hayako katika mukono wake. Kisha soma mara ya pili na biki. Ku musitari mumoja andika kile ambacho kesi inasema, ku mwingine kile ambacho wewe unafikiri. Usivichanganye. "Mama anauzisha ndazi 1500 kwa juma" ni kitu kilichoandikwa. "Mama hajui kuhesabu" ni mawazo yako, tena ni ya uongo, kama tulivyoona nyuma. Mara ya tatu soma karatasi za nyuma peke yake, namba kwa namba. Mutu anayeandika kesi anaficha ugonjwa kule, kama vile mama anaficha feza katika kitambaa.

Tufanye hesabu pamoja, ili wadogo wetu waone. Namba hizi ni za juma moja, kama zilivyokuwa katika kaye.

Ndazi 250 kwa siku, siku sita: ni ndazi 1500. Ndazi moja ni faranga 200. Mauzo ni faranga 300 000.

Vitu vinavyokwisha kila juma: mifuko miwili ya unga ya kilo 25, moja faranga 65 000 (hii ni bei iliyoandikwa ku mulango wa depo), ni 130 000. Mafuta 48 000. Sukari 21 000. Levuri na chumvi 6 000. Makala 15 000. Jumla 220 000.

Vitu ambavyo analipa hata akiuzisha kidogo: binti anayemusaidia 20 000, takse ya mahali 3 000, na 2 000 anayoweka pembeni juu ya beseni na sufuria zitakazotoboka. Jumla 25 000.

Ukitosha vyote, inabaki faranga 55 000 kwa juma. Hapa njo wote tulisimama. Tuliandika: "Biashara inaleta faida, kwa hiyo aipanue." Lakini kesi ilisema kwamba mwisho wa mwezi mama hana kitu. Faranga 55 000 mara majuma mane ni 220 000. Ziko wapi? Kama hesabu yako na habari ya kesi vinapingana, usichague kimoja na kukanyaga kingine. Pale vinapopingana njo kuna mulango.

Anekse ya pili, musitari wa chini: mama hanunui unga kwa 65 000. Anaununua kwa 68 000, sababu anauchukua kwa deni na kulipa nyuma ya siku tatu. Ni faranga 3 000 juu ya kila mufuko, 6 000 kwa juma. Kwa majuma 12 ya trimestri ni 72 000, zaidi ya mufuko muzima wa unga. Basi unga ni 136 000, jumla ya vitu vinavyokwisha ni 226 000, na faida si 55 000 tena, ni 49 000.

Juu ya nini mutu anayeuzisha kwa feza taslimu kila asubui ananunua unga kwa deni? Sababu yeye mwenyewe anakopesha. Anekse ya tatu. Katika mauzo ya 300 000, ni 262 000 tu inayoingia mu kitambaa. 38 000 inaingia mu kaye. Zingine zinalipwa kisha, zingine hapana. Mwisho wa trimestri, jumla ya herufi zote ilikuwa faranga 214 600. Ni mifuko mitatu ya unga na zaidi, kwa bei ya feza ku mukono. Kama juma fulani hakuna deni la zamani lililolipwa, mama anabaki na 49 000 kutosha 38 000, ni kusema 11 000. Siku sita, tangu saa kumi ya usiku, kwa faranga 11 000.

Tulifanya tena hesabu ambayo Walimu wanaiita sei ya rantabilite, ni kusema kiasi cha kuuzisha kusudi usipate hasara na usipate faida. Mauzo 300 000, kutosha vitu vinavyokwisha 226 000, inabaki 74 000. Gawanya kwa ndazi 1500: kila ndazi inaleta karibu faranga 49. Sasa gawanya zile 25 000 za kulipa kwa lazima na faranga 49 na senti zake: ni ndazi 507. Mama anapika 250 kwa siku. Basi Siku ya Kwanza yote na Siku ya Pili yote anatumikia wengine, na ni Siku ya Tatu tu, kisha kuuzisha ndazi saba, njo anaanza kutumikia nyumba yake. Tulipoandika ile ku tablo, kalasi ilinyamaza.

Ndazi moja isiyolipwa inamugarimu nini? Vitu vilivyoingia ndani yake ni karibu faranga 151. Faida ya ndazi moja ni 49. Kwa hiyo inafaa auzishe ndazi zingine tatu kwa bure, kusudi arudishe ile moja ambayo mutu alikula na kusema "nitalipa kesho, mama". Wadogo, hesabu hii si ngumu. Mutoto wa primeri anaweza kuigawanya. Ugumu ni kuifikiria.

Na hapa tunarudi ku swali la kalamu nyekundu. Nani iko na deni? Bwana Mwalimu hakutoa majina, lakini mama alikuwa ameandika pembeni ya kila mutu mahali anapotoka, na Mwalimu aliacha ile. Tulijumlisha. Majirani wa kartie: 35 000. Walimu: 28 400 (tuliomba ruhusa ya kuandika musitari huu, na Bwana Prefe alisoma, akacheka kidogo, akasema muache). Wanafunzi wa masomo yetu: 151 200. Jumla 214 600, hakuna faranga inayopotea. Mama ambaye tuliandika juu yake kwamba hajui kuhesabu, kaye yake ilikuwa sawasawa mupaka mwisho.

Katika zile herufi kulikuwa K, faranga 7 600, masomo, kalasi ya mwisho. K ni mumoja wetu. Ni huyu mwenyewe anayeshika biki sasa, kapita wa wanafunzi, ambaye kila asubui anapigia wengine makelele juu ya kuchelewa ku ibada. Tuliona herufi yetu mara ya kwanza tulipokaa kusoma anekse, na tulijua, maana 7 600 si deni la kusahau. Tuliangalia pembeni, tukaona wengine nao wanaangalia chini. Ni vizuri kusema hii wazi, sababu ni sehemu ya somo. Hatukuona ugonjwa katika kesi kwa sababu ugonjwa ulikuwa sisi. Mutu anayechunguza biashara anaketi mahali fulani, na kuna vitu ambavyo kiti chake hakipendi kuona. Kama muko musimamizi wa stoki na kesi inauliza juu ya wizi wa stoki, mutaandika nini?

Kulikuwa tena kitu kimoja ambacho hakikuwa katika kesi, tulikijua kwa macho. Mama iko na binti mu kalasi ya kwanza ya umanite, hapa kwetu. Primeri haina minervali tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na mu juma lile lile la kesi binti alirudishwa nyumbani sababu ya faranga 84 000 iliyobaki. Alikuwa ameketi pembeni ya mama yake, anageuza ndazi, saa ya masomo, na sisi tulipita kununua. Wengine kwa deni. Mumoja wa kundi letu aliuliza mu kalasi: "Hii inaingia mu kontabilite?" Tulibishana saa nzima. Wengine walisema hapana, mambo ya nyumba ni mambo ya nyumba, biashara ni mutu mwingine mbele ya hesabu. Mu kitabu wako na haki. Lakini mama anatosha ndazi kumi kila siku kwa kulisha nyumba, na hakuna aliyeziweka ku hesabu, wakati ni ndazi 60 kwa juma, faranga 12 000. Nyumba na biashara ya mama ni sufuria moja. Sisi tunafikiri hivi: katika kesi ya biashara ndogo, andika mambo ya nyumba, lakini uyaweke ku musitari wake, yasichanganyike na unga. Bwana Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, endeleeni.

Tuseme sasa juu ya mashauri. Mara ya pili wote tuliandika "akatae madeni". Ni shauri ambalo linakuja haraka, na Mwalimu alituuliza kama tulimuuliza mama. Tukaenda watatu. Mama alitujibu hivi: "Nikikatala deni, batoto bataenda kwa ule mwengine wa kule ngambo ya barabara. Yeye anakopesha. Na tena, kuko mutoto anakuya asubui hajakula tangu jana, utamukatala? Weye unaweza?" Hatukuwa na jibu. Basi shauri lile lina bei yake, na kesi nzuri inapashwa kuandika bei ya kila shauri, hata ya lile unalopenda. Kama akikatala wote, na watu wa ndazi 190 kwa juma (ni ile 38 000) wasirudi, anapoteza faranga 49 mara 190, karibu 9 400. Lakini anaokoa 38 000 isiyolipwa na anaweza kununua unga kwa 65 000. Hata akipoteza wote, anafaidika. Hesabu inasema vile. Lakini hesabu haimujui mutoto wa tangu jana.

Kundi letu liliandika mashauri matatu, na kwa kila moja namba zake. Moja: kukatala wote. Mbili: kupunguza, kila mutu mwisho faranga 1 000, na asiyelipa Siku ya Sita asipewe Siku ya Kwanza. Tatu: kupandisha bei. Ile ya tatu tuliitosha upesi, na ni vizuri kueleza sababu, maana wadogo wataikuta mara nyingi. Bei ya unga ku depo inafwata dola. Ndazi inauzishwa kwa faranga. Dola ikipanda, unga unapanda leo leo, lakini ndazi haiwezi kutoka 200 kwenda 210, sababu hakuna anayetembea na faranga kumi. Kwa hiyo wauzishaji wote wanafanya namna moja: bei inabaki, ndazi inapunguka. Munajua hii, munailaumu kila siku. Sasa munajua inatoka wapi. Tulichagua ya pili, na tukaandika nani atafanya nini: mama atasoma kaye yake kila Siku ya Sita, na makapita wa kila kalasi watabeba orodha ya herufi za kalasi zao. Shauri ambalo halina jina la mutu wa kulifanya na siku ya kulifanya, Mwalimu analikata na musitari.

Juu ya kuandika kwenyewe hatuna mengi. Kesi tunaiandika kwa Kifaransa, na Kifaransa kinatufanya tujifiche. Tunaandika maneno makubwa kusudi yafunike kwamba hatukusikia kitu. Sisi tumepata dawa moja: mbele ya kuandika, eleza ugonjwa wa kesi kwa Kiswahili, nyumbani, kwa mutu ambaye hakusoma Komersiale. Akikuuliza "sasa ye anakosa nini?" na ukikosa jibu la musitari mumoja, usiandike bado. Anza kopi na ule musitari mumoja. Kisha hesabu zinazouonyesha. Kisha mashauri na bei zake. Kisha lile ulilochagua na sababu. Zile hesabu ndefu zote ziende nyuma, mu anekse.

Kuna lile jedwali la visanduku vine, nguvu, uzaifu, nafasi na hatari. Walimu wengine wanalipenda. Sisi tunaliogopa kidogo. Mara ya kwanza kopi zetu zote zilikuwa na visanduku vine vilivyojaa vizuri, na hakuna kisanduku hata kimoja kilichosema deni. Kama munalitumia, mulijaze mwisho, kisha hesabu, si mbele.

Na muangalie vitabu vya biblioteki. Vingi ni vya zamani, vinafwata mupango wa kontabilite wa 1976, na kesi zake ziko za zaire, feza iliyokwisha kutolewa mu 1998. Inchi yetu iliingia katika OHADA mu 2012, na tangu 2014 hesabu zinafwata SYSCOHADA, iliyotengenezwa upya na kuanza kutumika kwa kampuni 2018. Namba zingine za konti zimebadilika maana. Wateja wanaodaiwa wako ku 41, feza ya mukononi ku 57, vitu vya kununua ku 60. Kwa biashara ndogo sana kama ya mama, kuna hata namna nyepesi ya kuandika feza inayoingia na inayotoka peke yake. Kaye ya mama inaikaribia sana, na hakuna aliyemufundisha.

Kuiga kesi ya rafiki, tusiseme mengi. Mu Ekzame ya Leta utakuwa peke yako na karatasi. Trimestri iliyopita kopi tano zilikuwa na kosa moja lile lile la kujumlisha, 229 000 mahali pa 226 000. Mwalimu aliziweka pembeni kwa pembeni ku meza yake bila kusema kitu, na ile ilitosha.

Mara ya pili kalasi ilipata pointi. Wa juu 16 kwa 20, wa chini 9. Sisi tulipata 13, na mbele ya kutupa kopi Mwalimu aliuliza kama K amekwisha kulipa.

K alilipa 7 600 Siku ya Sita ile. Mupaka siku tunapoandika karatasi hii, wanafunzi wamerudisha faranga 96 000 katika 151 200. Walimu wamemaliza zao zote. Mama ananunua mufuko mumoja katika miwili kwa feza ku mukono, kwa 65 000, na binti amerudi mu kalasi tangu juma lililopita, sehemu ya minervali imelipwa, ingine inangojea. Inabaki 55 200, na ni herufi kumi na moja. Mama anaketi ku mulango kila asubui toka saa kumi na mbili. Kaye iko chini ya beseni, ku mukono wa kushoto, na binti anayemusaidia anajua kuandika "amelipa".